Upande Laini wa Ukuta

Jumatatu, 4 Agosti

Uji umeungua tena. Daudi begani analia, mkono mmoja tu unakoroga. Riziki kaenda chekechea na soksi moja. Mwalimu akisema, aseme.

Sketi za shule zimejaa kwenye cherehani na uzi wa bluu umeisha. Nimeshona mpaka mgongo ukagoma. Mtaani kwetu Makanyagio leo vumbi kama unga. Kila bodaboda ikipita, mimi na mtoto tunakohoa.

Jioni Baba Riziki kaingia anaimba. Kapata kazi ya ujenzi. Kijijini kwao, upande wa Litapunga, wanataka kuutengeneza ule ukuta wa zamani ili wageni waje kuutembelea. Banda la kupumzikia, choo, na mlango mpana wa kuingiza magari mpaka ndani. Atakaa kwa mama yake hadi kazi iishe.

"Mlango tunaukata upande wa mashariki," kasema, huku anamega ugali. "Pale udongo laini, mchwa wameulegeza. Kwingine kote mgumu kama jiwe."

Tonge likanikwama. Akauliza, vipi, unaumwa? Nikasema moshi.

Siyo mchwa.

Jumanne, 5 Agosti

Kaondoka asubuhi na sururu yake na mwiko. Bado anaimba.

Niandike, maana kusema siwezi.

Kwa kina mume wangu, mtoto akifa kabla hajaota meno hazikwi na wanaume. Hakuna turubai, hakuna mchungaji, hakuna wa kupika msiba. Wanawake wanamfunga kwenye kanga, wanampeleka kwenye ule ukuta, wanamlaza chini yake kwa ndani, upande linapochomoza jua. Hawaweki alama. Wanaume hawafuati, hawaulizi, hawaambiwi. Baba anajua tu kwamba mwanawe kahifadhiwa. Wapi, hajui. Na mama akitaja mahali, wanasema, anamwita mwingine amfuate.

Mimi si wa huko. Wazazi wangu walitoka Burundi, mimi nimezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi huku huku, nina kitambulisho cha taifa kama mtu yeyote. Kwetu tunazika kwa sala na msalaba. Lakini mwaka juzi, wakati wa mvua, tulikuwa kwa mama mkwe, na mtoto wangu wa pili akanitoka hata arobaini hajamaliza. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Nikawafuata wanawake na matiti yamejaa maziwa. Mama mkwe alichimba mwenyewe, kwa jembe lililokatwa mpini. Nikashangaa udongo unavyoachia. Akasema bila kuniangalia, "Umechimbwa sana huu, mwanangu."

Wengi wamelala pale. Ndiyo maana udongo ni laini.

Na wanaume wa kijiji kizima wamesimama pale, wamepima, wamechoma vigingi, wamesema mchwa. Baba wa mtoto wangu atapiga sururu hapohapo. Nina hasira, na nikitafuta wa kumkasirikia simpati. Hawakuambiwa. Hakuna aliyewaambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamekwenda kwenye maonyesho kuangalia ng'ombe wakubwa na mbegu. Mimi nimepanda gari la Noah na watoto wawili kwenda kuangalia ukuta.

Mtu akiuona kwa mbali hawezi kusema ni ukuta. Tuta refu la udongo mwekundu, majani yamekaukia juu, linazunguka kama mtu aliyejikunja amelala. Mahali pengine linanifika kifuani. Mahali pengine ng'ombe wamelikanyaga limekuwa njia. Kwa nje kuna handaki lililojaa majani makavu, na minyaa ya zamani bado ipo, mikubwa, hakuna anayethubutu kuikata kwa kuogopa utomvu wake.

Kijana wa utalii alikuwa anafanya mazoezi ya kuelezea. Shati jipya, kiatu kimechongoka. Wasikilizaji walikuwa mimi, watoto wangu na vijana wawili wa Kisukuma waliokuwa wamesimamisha ng'ombe wao. Kasema ukuta huu alijenga mtemi, enzi za ruga-ruga, wale wapiganaji waliokuwa wanavamia vijiji kuteka watu na kuchukua pembe za ndovu. Mtemi akachimba handaki. Mtemi akasimika miti, akakandika udongo. Mtemi akaacha matundu ya kupenyezea bunduki na mishale.

Mmoja wa wale vijana wa ng'ombe kauliza, "Peke yake?"

"Ndiyo alivyokuwa na nguvu," kasema kijana wa utalii.

"Basi huyo alikuwa trekta."

Nilicheka. Nikachukia kwamba nimecheka.

Kisha nikaenda upande wa mashariki. Vigingi vipo, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Na katikati ya vigingi, Mungu wangu, wameweka kibao: NI MARUFUKU KUHARIBU UKUTA HUU. Hapohapo wanapokata! Walipoona udongo laini wa kusimika nguzo, wakasimika. Nilisimama na Daudi mgongoni nikatamani kuking'oa kwa meno.

Ninajua mahali. Sikupaangalia. Niliangalia pembeni yake.

Mama mkwe nilimkuta jikoni anapepeta. Nikamwambia, Mama, wanakata pale. Akasema anajua. Nikasema, na anayekata ni mwanao. Akasema anajua hilo pia. Nikamuuliza, tunakaa tu? Akapepeta weeee, pumba zinaruka. Halafu ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza.

Wakati wa ruga-ruga, kasema, watu walikuwa wanafungiwa ndani ya ukuta muda mrefu. Njaa inaingia, kuhara kunaingia, maziwa ya mama yanakauka, vichanga vinaondoka. Kutoka nje kuzika huwezi. Wanaume wako juu na mishale, hawawezi kugeuza shingo. Basi wanawake wakazika palepale, chini ya ukuta walioukandika kwa miguu yao, na wakakubaliana wasiwaambie wanaume mpaka vita iishe. Mwanaume aliyefiwa atashuka. Akishuka, ukuta umeingiliwa.

"Na vita ilipoisha?" nikauliza.

"Nani alitutangazia kwamba imeisha?"

Sikujua kama anatania. Uso wake haukuonyesha.

Nikamwambia basi tuwaambie sasa. Akaweka ungo chini. "Mama Riziki, hapo mgongoni una mtoto. Funga mdomo."

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi mjini. Kanisani sikusikia mahubiri hata neno. Mchana nimekwenda Kawajense kwa mama yangu. Nilimweleza, yeye si wa kule, kwake miiko ile haina meno.

Kasema ihangane. Kwa Kirundi ndiyo tunamwambia hivyo mfiwa, mgonjwa, aliyeibiwa, aliyefukuzwa kazi. Vumilia. Nimelisikia tangu nazaliwa. Leo limenichoma.

Nikamwambia nimechoka kuvumilia. Akamchukua Daudi, akamfuta kamasi kwa vidole. Halafu akasema kaburi la mama yake liko ng'ambo, hajaliona tangu alipokimbia, na hivi sasa hata akipelekwa hatalitambua, pengine pamelimwa mihogo. Akasema, "Mimi nilikuwa nakimbia. Wewe unakimbia nini?"

Kanipa maharage ya kubeba. Tumeagana mlangoni kama kawaida.

Mtoto wangu hatalimwa mihogo. Hatapitiwa na magari ya watalii.

Jumatano, 13 Agosti

Mkutano wa kijiji. Nilifunga cherehani na nikaenda. Wenye sketi wamekasirika, haki yao.

Sikuvunja mwiko. Nilikaa na wanawake kwenye nyasi, na ilipofika mengineyo nikanyoosha mkono. Nikasema naomba mlango usikatwe mashariki. Mlango wa zamani wa ukuta wenyewe upo magharibi, ulikuwepo tangu enzi hizo, kwa nini wageni wasipitie hapo?

Mwenyekiti kasema magharibi kuna korongo, magari yatazunguka, pale udongo ni mgumu, kazi itachelewa. Kauliza nina sababu gani.

Nikageuka kuwaangalia wanawake.

"Sababu, shemeji?"

Nikasema ni sababu ya wanawake.

Wanaume wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Mmoja nyuma kapaza sauti: "Anaogopa mizimu ya ruga-ruga itamkimbiza mpaka Makanyagio!" Mwingine: "Huyu si wa makazini? Ukuta wa babu zetu unamhusu nini? Nyie mmekuja juzi, hata mkeka hamjakunjua!" Mwenyekiti kagonga meza lakini naye alikuwa anatabasamu.

Juzi. Nimezaliwa nchi hii. Nimezaa nchi hii. Damu yangu iko kwenye ule ukuta zaidi ya mate yake.

Lakini wanaume sikuwachukia sana. Niliwachukia wanawake. Tulikaa pamoja kwenye nyasi zilezile, na karibu kila aliyekaa hapo ana wake kule, na kila mmoja alijua nazungumzia nini. Wakaangalia chini. Mmoja alikuwa anachora mchanga kwa kijiti. Mama mkwe alikuwa anamfunga Riziki kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Baba Riziki kanifuata njiani. Kasema nimemwaibisha mbele ya watu wa kazi. Kasema kama nina jambo si ningemwambia yeye? Nilimwangalia. Ndevu zimejaa vumbi la tofali. Nikapita.

Wanaanza kukata Jumamosi.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikurudi mjini. Nimelala kwa mama mkwe na watoto wangu, kama mgeni kweli.

Asubuhi nilimkuta Baba Riziki nyuma ya nyumba ananoa sururu. Daudi akatambaa mpaka kwenye jiwe la kunolea, baba yake akamnyanyua, akampuliza tumboni, mtoto akacheka. Nikasema ndani ya moyo wangu, kama kusema kunaua, basi Mungu ninayemwabudu ni yupi? Halafu nikaogopa sana. Nikamchukua mtoto kwake, nikambana.

Nikasema, "Mtoto wetu yuko ukutani."

Alidhani nasema Riziki. Akageuza kichwa kutafuta.

"Yule mwingine," nikasema.

Akakaa chini. Hakuchuchumaa, alikaa kabisa, kwenye vumbi, miguu mbele. Baadaye akauliza, "Wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta ni mrefu, mama."

"Ndiyo."

Mahali sikutaja. Hiyo nusu nimeibakiza. Sijui kama ni imani au ukaidi.

Hakulia. Aliiangalia ile sururu kama mtu anayeangalia nyoka aliyekuwa amelala naye. Nilimhurumia. Mwaka juzi sikumhurumia, niliona msiba ule ni wangu peke yangu, na yeye kwa kuwa hakwenda basi hakufiwa. Ndivyo walivyotugawa.

Ijumaa, 15 Agosti

Baba Riziki kamwambia msimamizi wa kazi kwamba hachimbi. Sababu hakusema, maana naye sasa hana maneno ya kusema. Msimamizi kacheka, kamwambia mke amekushika masikio, vijana wa kuchimba wamejaa. Na kweli wamejaa. Kesho wanachimba bila yeye. Kwa hiyo nimevunja mwiko bure.

Mama mkwe kajua. Sikumwambia, lakini mwanawe amekaa toka jana hali chakula, na yeye si mjinga. Mchana kaniwekea chakula bila kuniita. Ugali umepoa ndipo nikauona.

Halafu kaja akasimama mlangoni. "Umetaja."

"Nimetaja nusu."

"Nusu!" Kama mtu anayetema mbegu. "Nani alikufundisha kutaja nusu?"

Nikamjibu. Sijawahi kumjibu hivyo tangu niolewe. Nikasema, Mama, mlinichukulia mtoto nikawa kimya. Mlinikataza kulia kwa sauti nikawa kimya. Juzi mmekaa mkaniacha nichekwe. Kesho watamtoa na koleo watamrundika pembeni na kifusi, na nyie mtakuwa jikoni mnapepeta. Mwiko wa kulinda nani huo?

Nilitegemea kofi. Kajifunga kanga nyingine kiunoni, katoka. Nilimwona anaingia nyumba ya jirani, anatoka, anaingia nyingine. Nikajua ananisema. Nimefunga mizigo. Asubuhi naondoka na watoto.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikuondoka.

Asubuhi nimetoka nje na begi, ua wa mama mkwe mtupu. Mikeka haipo. Magunia ya mahindi hayapo. Nikasikia vicheko kule ukutani.

Wanawake walikuwa wamekaa wote. Upande wa mashariki, ndani ya vigingi, mikeka imetandikwa kutoka kigingi mpaka kigingi, na wanapukuchua mahindi. Wazee, mabinti, mjamzito mmoja kanyoosha miguu. Mmoja alikuwa ametundika kanga yake ya jasho kwenye kile kibao. Magunzi yanarushwa juu ya tuta. Mama mkwe kaniona, kasogea kidogo mkekani. Hakusema karibu. Nikakaa.

Vijana wakaja na masururu, msimamizi mbele. Ni wa hukuhuku, mama yake anauza dagaa sokoni.

"Shikamooni mama zangu. Sasa, nyie hamna nyua za kwenu?"

"Marahaba. Nyua zipo, baba. Huku kuna upepo."

"Upepo gani? Majani hayatikisiki!"

"Wa wanawake. Nyie hauwafikii."

Wakacheka mpaka mjamzito akashika tumbo. Msimamizi akacheka kidogo, akasema jamani mimi nimetumwa, gari la kokoto linakuja, ondokeni. Wakaendelea kupukuchua. Akaanza kupandisha sauti, akataja serikali. Akaniona. "Ni huyu! Huyu mgeni ndiye anayewachochea."

"Mgeni yuko wapi?" kasema mama mkwe. Hakuinua kichwa. "Mimi naona wakwe na mabinti zangu."

Kisha bibi mmoja mkongwe, asiyekuwa na jino hata moja, akamuuliza polepole: "Mwanangu. Mama yako alizaa wangapi?"

"Sita, bibi. Hilo linahusu nini?"

"Sikuuliza walio hai."

Bibi anaendelea kupukuchua, punje zinadondoka kwenye ungo. Nilimwona yule mwanaume anaangalia mikeka. Halafu tuta. Halafu udongo uliokuwa chini ya viatu vyake. Akarudi nyuma hatua, akaangalia alipokanyaga, akarudi tena. Nyuma yake kijana mmoja akashusha sururu begani, taratibu, akailaza kwenye nyasi bila kelele. Kisha mwingine. Hakuna aliyeambiwa kitu. Hakuna aliyeuliza.

Msimamizi akang'oa vigingi mwenyewe. Kimoja kilikuwa chini ya mkeka wetu, akasema samahani mama, nikainua goti. Kasema magharibi korongo linaweza kujazwa mawe. Sauti imebadilika kabisa. Kibao kakiacha palepale.

Na mimi badala ya kufurahi, nilikuwa nimefura. Wakati wa kukunja mikeka nikamuuliza mama mkwe, kwa nini siyo Jumatano? Kwa nini mliniacha nisimame peke yangu?

Kasema, "Mkutano unataka maneno. Sisi ya jambo hili hatuna. Mahindi tunayo."

"Mngeniambia nije na mahindi."

"Ungesema nusu gunia," kasema.

Alikuwa anatania, safari hii nimejua. Sijamsamehe bado. Nimembebea gunia mpaka nyumbani.

Jumapili, 31 Agosti

Ukuta umefunguliwa jana. Sikwenda, nilikuwa namalizia sketi. Leo baada ya ibada tumekwenda sisi wanne.

Mlango uko magharibi, ule wa zamani. Mwembamba, magari yanabaki nje. Korongo wamelijaza mawe, Baba Riziki amejenga kingo zake. Zimenyooka.

Wageni walikuwa wachache, kutoka mjini, wanapiga picha na minyaa. Kijana wa utalii bado anasema mtemi akachimba, mtemi akakandika. Nilimsogelea nikamwambia udongo ulikandikwa na wanawake kwa miguu, wanaume walichimba handaki. Kaniuliza nimesoma wapi. Nikasema mama mkwe wangu ni wa hapa. Kafikiri kidogo. Alipoanza na kundi lingine kasema mtemi na watu wake. Haitoshi. Nitarudi.

Riziki alikimbia handakini akatoka na majani kwenye nywele. Mimi nikakaa kivulini kwenye banda, miguu inauma.

Baba Riziki alimchukua Daudi begani. Hakuniuliza kitu. Alivua kofia, akaishika mkononi, akaanza kutembea kwa ndani, pembeni ya ukuta, polepole, kuanzia mlangoni. Nilidhani ataivaa akifika mbele. Hakuivaa. Akapita kaskazini, akapita mashariki, sikumwona akisimama, akapita kusini, mpaka akarudi mlangoni alipoanzia.

Jua lilikuwa kali. Sikumwambia avae.